Mbuzi wa Mzee wa Ziwani

Jumatatu, 4 Agosti

Naanza na hili: habari ya paa langu watu wote wanaielezea vibaya. Wote! Kuanzia hapa Butiama mpaka vijiwe vya Bunda. Wanasemaga eti kiangazi cha mwaka jana mbuzi wa Alfonsi walizidiwa na njaa wakala paa la jiko. Uongo mtupu. Mbuzi hawakula paa. Mimi ndiye niliyewalisha paa! Lilikuwa akiba. Nyasi kavu, ziko juu, panya hafiki, moshi unafukuza wadudu. Nani mwingine mkoa huu amewahi kuwa na ghala la majani ambalo unapikia ugali chini yake?

Ndiyo maana nimeanza kuandika. Shule sikwenda. Herufi nilifundishwa na katekista, nikamlipa kwa hadithi, na mpaka leo anasema bado ananidai. Sasa ya kwangu nitayaandika mwenyewe, siku kwa siku, yasipindwe.

Hali ilivyo. Nina heka tatu. Moja mahindi, moja viazi na muhogo, ya bondeni ni majani ya mifugo. Mbuzi kumi na wawili. Leo asubuhi amekuja Clementi. Huyu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu Wegesa, shamba lake limepakana na langu. Mtu wa kupimapima. Amezunguka lundo langu la mabua ya mahindi na kamba mkononi kama fundi wa majeneza. Amechungulia bondeni. Akasema chakula hiki kwa mbuzi hawa hakifiki mvua za vuli. Akaongeza, "Shemeji, hesabu majani kwanza, halafu ndiyo uhesabu mbuzi."

Nikamwambia hata Mungu hakuhesabu majani. Alihesabu nywele.

Alicheka, ila Wegesa hakucheka. Wegesa ana mbuzi wake mmoja ndani ya zizi langu, anaitwa Semeni. Mweusi, mguu mmoja mweupe kama kavaa soksi, shingoni kafungwa kipande cha kitenge. Mwaka jana Semeni alitupa mimba kipindi kile cha paa. Sasa ana mimba tena, tumbo kama debe. Wegesa amesema mbele ya kaka yake, taratibu, bila kelele, na hiyo ndiyo mbaya: Semeni akipatwa na chochote safari hii kwa ujanja wangu, mbuzi wote na heka ya bondeni vinakuwa chini yake. Yeye apange, mimi nitumwe. Mimi! Nitumwe kukata majani kama kijakazi, Clementi akiangalia!

Haitatokea. Nina akili.

Jumatano, 6 Agosti

Bahati imebisha hodi. Binti yetu Grace amejifungua Musoma, pale Iringo. Wegesa ameondoka asubuhi na kuku wawili na unga wa uji. Atakaa wiki. Ameniachia maagizo, yote ya Semeni. Semeni apewe majani ya viazi asubuhi. Semeni apewe pumba jioni na chumvi kidogo. Semeni asifungwe juani. Kuhusu mimi ameniambia ugali nitajua mwenyewe.

Hajafika hata barabarani, mpango umeshaiva kichwani.

Kwetu huku mtu akizidiwa na mifugo anampa ndugu au rafiki amlelee. Mleaji anakunywa maziwa, na wakizaliwa watatu, mmoja wake. Na si adabu kumuuliza mtu mbuzi wa kulea wametoka wapi wala ni wa nani. Mali ya mtu inafichwa, ndiyo raha yake. Sasa mimi nina rafiki Kisorya, karibu na kivuko, anaitwa Pastory. Mara ya mwisho tulipoonana alisema kwake majani yanafika magotini. Nampa mbuzi saba. Mimi nabaki na watano. Lundo langu linaonekana kubwa ghafla. Clementi anaona aibu na kamba yake.

Nimempigia Pastory. Aliuliza kwanza kama ni saba kweli. Halafu akasema haya, lete, urafiki ni urafiki.

Nimemaliza hilo nikahamia kwenye lundo. Lilikuwa dogo kidogo. Siyo dogo, lilikuwa limeinama. Nikachukua kile kitanda cha kamba cha marehemu mama, nikakisimamisha wima, na kingine kimevunjika miguu, nikavikutanisha kama hema, mabua yote nikayapanga juu. Eee! Ukilitazama kutoka barabarani ni kanisa!

Fuso la mchanga linapita kesho alfajiri kwenda huko. Dereva amekubali kwa sharti mbuzi wasimjambie ndani.

Alhamisi, 7 Agosti

Mbuzi saba wamepanda fuso. Kazi safi. Niliwasukuma mwenyewe, huyu, huyu, na huyu, bila kuchagua sana, maana dereva alikuwa anapiga honi. Mfugaji wa kweli haangaliagi mbuzi mmojammoja. Anawaangalia kwa ujumla, kama kamanda na jeshi.

Nikanywa chai. Nikachukua majani ya viazi, nikaenda kumpa Semeni.

Semeni hayupo.

Nimeangalia zizini. Nimeangalia nyuma ya choo. Nimeangalia kwenye migomba. Nimemuuliza beberu. Watano waliobaki wananitazama, na hakuna mwenye soksi.

Yesu na Maria! Nimempandisha Semeni kwenye fuso!

Nimempigia Pastory. Nikamwambia mambo kwa mbali, nikauliza kama mbuzi wamefika na kama kuna mmoja ana soksi. Akasema wapo, wote wapo, halafu simu ikakatika. Nikapiga tena, ikaita, haikupokelewa. Nikapiga tena, akapokea mkewe Pelagia. Akasema Pastory ameenda ziwani. Nikamwambia sasa hivi nilikuwa naongea naye! Akasema ameenda haraka.

Dereva wa fuso nimemtafuta anirudishie. Amesema harudi upande huu mpaka wiki mbili, na kiti chake bado kinanuka.

Sijala mchana. Jioni nimekula kidogo. Halafu nimemalizia.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo nimeenda Musoma kumwona mjukuu. Mtoto mzuri, kichwa changu kabisa. Wegesa swali la kwanza: Semeni anakulaje? Nikamwambia anakula vizuri sana, sijawahi kuona. Hapo sikudanganya. Sijamwona kabisa. Akasema atarudi Jumatano.

Jumatano! Nina siku chache za kumleta mbuzi kutoka Kisorya au kutengeneza mwingine.

Niliporudi nilipitia Mwisenge, kwenye kijiwe cha bodaboda, kutuliza moyo. Wakaanza paa, paa, paa. Mmoja akaniuliza mwaka huu mbuzi watakula dirisha? Damu ikanipanda. Nikasimama juu ya tofali nikawaambia mwaka huu kwa Alfonsi kuna chakula cha mbuzi wa wilaya nzima. Lundo kama kanisa! Nikawaambia yeyote mwenye mbuzi wenye njaa, Butiama, Bunda, ziwani, popote, alete! Hata wa Ukerewe wavuke!

Walipiga makofi. Nikajisikia vizuri mpaka nilipofika nyumbani.

Pastory bado hapokei.

Jumatatu, 11 Agosti

Huwezi kuamini. Mwenyewe siamini, na nilikuwepo.

Saa nne asubuhi, jua linawaka mpaka kuku wamejificha, imeingia pikapu uani kwangu. Dereva ni kijana Prosper, yule anayeletaga dagaa kutoka Kisorya. Nyuma kuna magunia ya dagaa, na juu ya magunia, mbuzi. Saba!

Prosper akaniamkia kwa adabu zote. Akasema, "Babu, habari zako zimefika mbali. Kuna mzee mmoja wa ziwani amezidiwa, majani yamekwisha. Amesikia kwako kuna lundo. Anaomba umlelee hawa." Nikamuuliza mzee gani. Akaangalia chini, akasema si desturi kuuliza, Babu. Nikasema kweli, nilikuwa nakupima.

Ona jina linavyofanya kazi! Jumamosi nimesema Mwisenge, Jumatatu mali inaletwa mlangoni. Na ona Mungu anavyolipa: saba nimetoa, saba nimepokea! Kwa Pastory nitapata wawili katika kila watatu. Kwa mzee wa ziwani nitapata mmoja katika kila watatu. Pande zote nakula. Clementi na kamba yake anakula upande mmoja tu.

Prosper akasema niwaangalie vizuri kwanza. Nikasema nimewaangalia. Akasema, "Hebu waangalie tena, Babu. Taratibu." Nikasogea, nikawanusa. Dagaa tupu! Nikamwambia hawa ni mbuzi wa ziwani hasa, mtu wa mifugo unajua kwa pua. Kijana akashika mlango wa pikapu akainama muda mrefu. Nadhani tumbo. Wanakulaga chipsi sana hawa.

Mbuzi wenyewe wana akili za ajabu. Waliposhushwa hawakuuliza njia. Wamepita kushoto kwa choo, wakaruka ule mtaro, wakaenda zizini. Mmoja akafungua komeo kwa pembe! Yule beberu wangu mkali, ambaye kila mgeni anamkaribisha kwa kichwa, amewalamba. Nimesema siku zote: zizi likipangwa vizuri, hata mgeni anajiona yuko nyumbani.

Na sasa ndiyo la ajabu. Kati yao kuna mweusi. Ana mimba, tumbo kama debe. Mguu mmoja mweupe!

Nimemzunguka mara nyingi. Pacha wa Semeni! Sikio limechanika kidogo upande wa kushoto. La Semeni nalo lilichanika, upande nimesahau, ila ni mmojawapo.

Mpango mpya. Wegesa anarudi Jumatano.

Jumanne, 12 Agosti

Nimeamka kumfundisha mgeni awe Semeni. Nilijipa siku nzima. Nikasimama mlangoni nikaita, "Semeni!" Akaja.

Mara ya kwanza! Nikafikiri bahati. Nikajificha nyuma ya ghala, nikaita tena. Akaja tena, akanisukuma mfukoni, mahali Wegesa anapowekaga maganda ya viazi. Yaani wapo wanaofundisha watoto shule miaka saba na hawaelewi. Mimi mbuzi wa kijiji kingine nimemfundisha jina kabla chai haijachemka.

Halafu nikakumbuka kitenge cha shingoni. Nikaanza kutafuta kipande kinachofanana ndani ya sanduku la Wegesa. Nimepekua mpaka nguo za kipaimara za Grace. Nikarudi zizini nimekata tamaa, nikamtazama mgeni: anacho! Shingoni, kimeingia ndani ya manyoya. Rangi ileile! Lazima wale wa ziwani wananunua vitenge dukani kulekule Iringo.

Majirani wamepita wengi leo. Mmoja kuazima jembe, mmoja kurudisha jembe ambalo si langu, mmoja eti amepotea njia, na amezaliwa hapa. Wote wanasimama zizini, wanaangalia mbuzi, wananiangalia mimi, wanasema, "Mbuzi wazuri wa ziwani hawa, Mzee." Nawaeleza namna ya kuwatambua kwa harufu. Wanasikiliza mpaka machozi yanawatoka. Heshima kama hii sijaipata tangu nilipomfukuza fisi kwa mwiko.

Jumatano, 13 Agosti

Wegesa amerudi. Nilivaa shati.

Nikaanza na ukweli, maana uongo mzuri unapandwaga kwenye udongo wa ukweli. Nikamwambia, Mama Grace, nimefuata ushauri wa kaka yako, nimepunguza mbuzi, sita wamekwenda kulelewa Kisorya kwa Pastory. Sita, nikasema. Wa saba nilimmeza. Na kwa ajili ya sifa zetu, mzee mmoja wa ziwani ametuletea sita wa kulea. Na huyu hapa Semeni wako, hajaguswa.

Nikanyoosha ukosi wa shati.

Wegesa akatua mzigo. Akaenda zizini. Akawaangalia mmojammoja. Akauliza hawa sita ni wa nani? Nikasema wa mzee wa ziwani. Akauliza na ninawaona vizuri? Nikasema kama ninavyokuona wewe. Akamshika Semeni wa bandia kidevuni, akamwambia, "Pole, mama, na safari." Nikashtuka! Safari? Halafu nikaelewa, alikuwa anajisemea mwenyewe, yeye ndiye ametoka safari.

Kisha akajifunika kanga usoni akakimbilia jikoni. Akakaa humo muda. Nilisikia kama analia. Furaha ya kurudi nyumbani.

Amedanganyika! Wegesa, ambaye anajua hata yai limetagwa na kuku gani! Ningeomba kumsimulia mtu lakini wa kumsimulia ni yeye.

Ila usiku huu usingizi hauji. Huyu mbuzi ana mwenyewe. Siku mzee wa ziwani akija kumchukua nitasema nini?

Ijumaa, 15 Agosti

Sikukuu ya Bikira Maria. Tulipotoka misani nikakuta msiba.

Mbuzi ni wale wale kumi na wawili, matumbo ni yale yale, na lundo ni lile la kusimamishwa. Sikuwa nimelifikiria upande huo. Wale wa ziwani walikuwa wamefungua komeo, wameanza kula lundo upande wa nyuma, wameingia ndani, wametokea mbele. Kanisa limebaki mlango. Katikati kitanda cha mama kimeangukia miguu yake minne, na juu yake mbuzi mmoja amelala, anacheua.

Na Clementi yupo. Anakuwepoga huyu. Amelitazama lundo, akatazama kitanda. Nilikuwa tayari kwa matusi. Hakutukana. Akasema, "Shemeji, hawa wageni unawapa na vitanda?"

Nikamwambia ni njia ya kupitisha hewa, mabua yasioze. Akasema ameelewa. Akaniuliza sasa watakula nini wiki ijayo. Nikamwambia mpango upo. Akauliza upi. Nikamwambia upo.

Haupo. Bondeni majani yamebaki mashina. Nilifikiria paa, ila safari hii Wegesa aliezeka bati, nadhani kwa makusudi.

Mchana nikamwona Wegesa anashusha matenga kutoka darini. Majani ya viazi, yamekaushwa kivulini, bado ya kijani! Matawi ya lukina, ule mti wa malisho, makavu, yamefungwa mafungumafungu. Gunia la mashudu ya pamba kutoka Bunda. Anakusanyaga tangu mvua za masika, kidogokidogo, kila akitoka shambani. Sikujua. Nilidhani kule juu kuna panya.

Akampa Semeni wa bandia fungu kubwa. Akasema cha Semeni kimo humo mpaka vuli, alishahesabu. Cha hao wengine akaniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye wilaya nzima.

Nimekwenda bondeni na panga. Nimekata mpaka majani ya migomba. Mgongo!

Jumamosi, 16 Agosti

Amezaa! Alfajiri. Jike moja, jeusi, soksi nyeupe mguu uleule. Wegesa amelia kweli safari hii, nimeona machozi kwa macho yangu. Mwaka jana alikizika kile kilichotoka kabla ya wakati, peke yake, nyuma ya migomba, na hakuniita. Leo ameniita. Akasema, "Baba Grace, njoo uone." Nikamshika mtoto, bado ana unyevu, anatetemeka.

Wegesa akasema huyu akikua maziwa yake ni ya mjukuu wa Iringo.

Nimetoka nje nikakaa kwenye jiwe. Mbuzi huyu si wake. Mtoto huyu si wake. Ni wa mzee nisiyemjua. Na Semeni wa kweli yuko Kisorya, na Pastory hapokei simu.

Sina mzaha leo.

Jumapili, 17 Agosti

Naandika haraka kabla hawajaanza kuipinda.

Baada ya misa Prosper ameingia na pikapu. Na Pastory ndani! Pastory mwenyewe, kavaa kofia, kacheka mpaka masikioni. Nikamvuta pembeni nikamuuliza Semeni yuko wapi. Akajibu tungoje kwanza Prosper amalize kazi yake.

Prosper akasimama katikati ya uwanja. Akasema mzee wa ziwani anawataka mbuzi wake. Saba.

Wegesa akasema, "Saba? Mume wangu aliniambia sita. Hesabu sita upakie." Prosper akasema alileta saba, na wa saba ni yule pale mweusi, mwenye soksi. Wegesa akasema yule ni Semeni, wa kwangu, nimemlea tangu akiwa hivi. Prosper akasema basi, tumuulize Babu.

Wote wakanigeukia. Wegesa, Clementi, Pastory, na majirani wa jembe, maana walikuwa wameshafika, sijui nani aliwaita.

Hapa sikilizeni. Ningeweza kusema Prosper mwongo. Maneno yalikuwa mdomoni, mazuri, na marefu. Lakini nikamwona Wegesa amemshika yule mtoto wa mbuzi, na kanga yake imelowa mkojo, wala hajali. Nikaona nikisema uongo mzee wa watu anaibiwa. Nikisema kweli, mke wangu ananyang'anywa.

Nikavua kofia. Nikasema, "Mama Grace, yule si Semeni. Semeni nilimpandisha fuso kwa makosa. Yuko Kisorya. Huyu ni wa mzee wa ziwani, nilimfundisha jina. Heka ya bondeni chukua. Mbuzi chukua."

Majirani wakatazamana. Hata kuku.

Wegesa akaniuliza, pole pole kama katekista: wale wetu wengine wako wapi? Nikasema Kisorya kwa Pastory. Akauliza, na hawa? Nikasema wa mzee wa ziwani. Akauliza, "Na huyo mzee wa ziwani anaitwa nani, Baba Grace?"

Pastory akainua mkono.

Mimi bado sikuelewa! Nikamwambia Pastory, na wewe una mbuzi wengine saba? Hapo Clementi akakaa chini. Akakaa juu ya kitanda cha mama, kikavunjika, na hata hakuinuka, akaendelea kucheka pale pale.

Wegesa akanishika mkono. Akanipeleka kwa Semeni. Akanifunulia kile kitenge shingoni, ndani kimeshonwa uzi mwekundu. Akanifunulia shati langu hili la Jumapili, ukosi. Uzi uleule, mshono uleule.

Basi wakanieleza wote kwa pamoja. Pastory hakuwa na majani hata ya kufukuzia nzi, yale ya magotini yalikuwa sifa tu. Mkewe alimpigia Wegesa kule Iringo siku ileile ya fuso. Wegesa akasema warudisheni kwa gari la dagaa, mwambieni ni wa mgeni, tucheke mpaka jioni. Jioni! Walijua nitawatambua wakishuka tu. Haikuwa wazo la mtu kwamba itafika Jumapili. Prosper anasema siku ile alitaka kuniambia mwenyewe, akaona anaharibu kitu kizuri.

Niliwaambia sababu. Siku ile walipokuja kulikuwa na ukungu mzito. Nilisahau kuandika. Ukungu mpaka huoni mkono wako. Mtu yeyote angekosea.

Wakauliza, ukungu? Agosti? Saa nne? Nikasema ndiyo, wa hapa kwangu tu, ulitoka bondeni.

Wegesa amechukua heka na mbuzi kama alivyosema. Ila amesema kwa kuwa nimesema kweli mbele za watu, sitatumwa na Clementi, nitatumwa na yeye tu. Jioni akaniwekea sato mzima na kichwa chake. Mtoto wa mbuzi ameshapewa jina. Kijiji kizima wanamwita Ukungu.

Jumatano, 20 Agosti

Nimekaa nikapiga hesabu, na nimegundua hawakunishinda.

Mleaji anapata mmoja katika watatu. Mwenye mali anapata wawili. Sasa mtu akilea mbuzi zake mwenyewe, anapata wote watatu! Nimemweleza Clementi kutoka ng'ambo ya ua. Akasema hivyo ndivyo kila mtu duniani anavyofuga. Wivu.

Kukata majani nako nimekupandisha cheo. Natoka na panga asubuhi, nafunga mizigo, Wegesa anapima, anasema bado, narudi. Watu wakiniuliza nawaambia mimi ni mkuu wa malisho.

Jana nilitumwa Mwisenge kununua chumvi ya mifugo. Vijana wakanichokoza na mambo ya ukungu. Nikawaambia acheni hayo, nyie mnajua mbuzi tu. Mimi kondoo ndiyo zangu! Kwangu sasa kuna mpango wa malisho umepimwa kwa mizani, anayetaka kondoo wake alelewe, alete.

Na leo, kabla chumvi haijafunguliwa, Prosper ameleta watatu! Wa mzee mmoja wa Bunda, hakutaka jina lake litajwe. Safari hii sikufanya mchezo. Nimewaangalia mmojammoja, meno, kwato, masikio, mkia. Siwajui kabisa. Wageni safi. Wegesa bado hajui, nimewafunga nyuma ya ghala. Mmoja tu ana tabia ya ajabu, kila nikimfungua anavuka ua, anakwenda kulala mlangoni kwa Clementi, na mbwa wa Clementi wala hambwekei. Nadhani ana kipaji cha urafiki.

Jambo moja la mwisho, na liishie humu. Siku ile ya mbuzi hakukuwa na ukungu. Jua lilikuwa linawaka. Semeni nilimshusha mwenyewe kwa mikono yangu, akanilamba, wala sikumtambua, nikamwambia karibu, mgeni.